Mjomba, vitabu vinatoka haraka kuliko tunavyocheza

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia saa kumi na mbili asubuhi, nimetoka zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Brooklyn Park, Minnesota. Ilinipasa niwe nimelala. Badala yake nina kitabu cha kurasa 384 mapajani, natafuta kilichobadilika kwa mhusika wa shemeji yangu. Aya moja nimeirudia mara tatu, haikai kichwani. Nimekifunga kitabu, nimechukua simu.

Mimi ni msimulizi wa Dungeons & Dragons. Wasomaji wako wengine huenda hawaujui mchezo huu, kwa hiyo niueleze kidogo. Mnakaa mezani watu watano au sita. Kila mchezaji ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, silaha zake, uchawi wake. Msimulizi anawaambia wako wapi na wanaona nini, wao wanasema wanafanya nini, na penye mashaka inarushwa dadu ya pande 20. Ni hadithi mnayoitunga kwa pamoja, ila ina sheria, na sheria zimo vitabuni. Anayetegemewa kuzijua zote ni msimulizi.

Tulianza Februari 2023, Jumamosi mbili kwa mwezi, kwenye chumba cha chini nyumbani kwangu. Tuko sita. Yupo shemeji, mdogo wake mke wangu, dereva wa malori ya masafa marefu. Yupo kaka mmoja wa Bukavu. Yupo dada nesi niliyefahamiana naye kazini, na vijana wawili ndugu wa Mombasa. Sheria tunazisoma kwa Kiingereza, mengine yote ni Kiswahili. Kwa wengi wetu, hizo ndizo saa tatu pekee katika wiki mbili ambazo mtu hafanyi kazi wala halali.

Mkasa tunaoucheza ni Curse of Strahd, kitabu cha mwaka 2016. Ni nchi iliyozingirwa na ukungu, ukiingia hutoki, na mtawala wake ni bwana mnyonya damu anayekaa ngomeni juu ya genge. Wahusika huanza ngazi ya kwanza na kuishia ya kumi. Sisi tumefika ya tisa. Tumefika kwenye daraja la ngome yenyewe. Kikao cha mwisho kiliishia hapo: usiku, mvua, lango liko wazi, na farasi wa dada nesi amekataa katakata kukanyaga daraja. Hiyo ilikuwa kabla ya Krismasi. Hatujarudi tena.

Hatujarudi kwa sababu yangu, Mjomba. Septemba 2024 kilitoka Kitabu cha Mchezaji kipya, chenye sheria zilizorekebishwa, Novemba kikatoka cha msimulizi, Februari 2025 cha mazimwi. Nilivinunua vyote, dola 50 kimoja. Nikajiambia hapo ndipo mwisho. Vikaja vingine. Novemba 2025 vikatoka viwili kwa mpigo, vyote vya nchi za Faerûn, bara la kubuni la mchezo huu. Siilaumu kampuni inayouchapisha mchezo, kutoa vitabu ndiyo kazi yake. Tatizo ni kwamba nikikiona kitabu kipya dukani nahisi nisipokibeba nitakuwa msimulizi nusu, na nikishakibeba sikimalizi. Vitatu bado vimo kwenye nailoni yake.

Shemeji ndiye anayenipa taabu zaidi, ingawa nampenda. Yeye anavisoma vyote, kurasa kwa kurasa. Alianza na mpiganaji, mtu mkimya aliyetulinda karibu miaka miwili. Oktoba 2024 yule mpiganaji akafa vitani. Dada nesi, ambaye mhusika wake ni kuhani, akamfanyia maziko: akasimama mezani, akasoma dua kwa sauti, sote kimya. Wiki mbili baadaye shemeji akatokea na mchawi kutoka kitabu kipya, na ikajulikana kwamba mpiganaji alikuwa amepelekwa kufa makusudi. Dada nesi hakusema kitu. Sasa shemeji anataka kumbadilisha mchawi naye. Halafu kikao kile cha mwisho alimwambia dada nesi kwamba kuhani wake amepitwa, kwamba uchawi wake wa kuponya unarusha dadu moja wakati kitabu kipya kinarusha mbili. Dada nesi alikunja karatasi yake akaitia mkobani. Tangu siku hiyo kila nikiitisha kikao ana zamu.

Kuna jambo jingine, na hili sijamwambia mtu. Kwa mwaka mmoja na nusu nimetumia zaidi ya dola 700 kwa vitabu, kadi na nakala za kusomea kwenye kompyuta, vingine nimenunua mara mbili. Vitabu navificha kwenye buti la gari. Mwezi wa kumi na moja nilikuwa nimtumie mama dola 200 za mabati ya nyumba. Nilituma 120, nikamwambia zamu zimepungua.

Nisaidie. Nipige marufuku vitabu vipya? Nikifanya hivyo nitampoteza shemeji. Nihamie toleo jipya moja kwa moja? Nitampoteza dada nesi. Au niache usimulizi kabisa, maana naona mchezo unakimbia na mimi nimebaki nyuma?

Msimulizi Aliyechoka, Brooklyn Park

Mjomba anajibu:

Marahaba, mpwa wangu.

Nianze na la mama, kwa sababu ndilo jepesi kulisema na zito kulitenda. Kabla ya mshahara ujao kufika, mketishe mke wako umweleze yote: dola 700, buti la gari, zile 80 zilizopungua. Mshahara ukiingia, 80 za mabati zinatoka kwanza. Vile vitatu vilivyo kwenye nailoni virudishe dukani kama risiti ipo. Kama haipo viuze, vitabu vya mchezo huu vikiwa vipya havikosi mnunuzi. Mama mwambie kwamba zamu hazikupungua. Atakusamehe haraka kuliko unavyodhani, lakini si haki aendelee kuombea kazi yako ilhali kazi ipo.

Sasa tuje mezani.

Unakaa Brooklyn Park. Mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka kwako, katika mji wa Saint Paul, ndiko alikokuwa akiishi Dave Arneson, mmoja wa watu wawili walioubuni mchezo huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akiwakusanya rafiki zake kwenye chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wake na kuwasimulia nchi aliyoitunga, Blackmoor. Kitabu cha mchezo huu hakikuwepo. Kulikuwa na madaftari, dadu, na msimulizi aliyeamua palepale. Kitabu kilikuja 1974, baada ya Arneson kuungana na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin: kisanduku chenye vijitabu vitatu, nakala 1,000 za kwanza. Nakutajia haya kwa sababu umeniambia mchezo unakimbia na wewe umebaki nyuma. Hao waliouanzisha waliucheza miaka kadhaa kabla ya kitabu chake chochote kuuzwa, katika chumba kama hicho chako, katika baridi hiyohiyo.

Vile vitabu vitatu ulivyovinunua kati ya Septemba 2024 na Februari 2025 vina mababu zao. Cha mazimwi kilitoka 1977. Cha mchezaji 1978. Cha msimulizi 1979. Miaka mitatu kwa vitabu vitatu! Watu walikuwa na zimwi mkononi mwaka mzima kabla ya kupata sheria mpya za kupambana nalo, na wakacheza hivyohivyo, wakichanganya na vijitabu vya zamani. Wewe umepokea mzigo huohuo kwa miezi mitano, huku unafanya kazi usiku. Aya isipokaa kichwani saa kumi na mbili asubuhi, hilo si kosa la akili yako.

Mwendo wa kutoa vitabu haujawahi kuwa mmoja, nami nimeuona ukibadilika. Mwaka 1994 nilikuwa mwanafunzi Milwaukee, nacheza toleo la pili na wenzangu watano. Enzi hizo mchapishaji, kampuni ya TSR, alikuwa ametoa dunia nyingi kwa mchezo mmoja: Ravenloft mwaka 1990, hiyohiyo nchi ya ukungu mliyomo nyinyi, Dark Sun 1991, dunia ya jangwa, Al-Qadim 1992, yenye majini na masultani, Planescape 1994, Birthright 1995. Kila dunia na kisanduku chake, vitabu vyake vya nyongeza, ramani zake. Ilikuwa kazi nzuri sana, mpwa wangu, sitaki kuidharau. Kuna michoro ya Planescape nikifumba macho bado naiona. Lakini pale mezani petu kila mmoja alipenda dunia yake na kununua ya kwake. Tulianza jangwani, tukaacha. Tukaanza ukunguni, tukaacha. Kwa miaka miwili tulianzisha mikasa saba na hatukumaliza hata mmoja. Mwisho tulikuwa tunakutana kuonyeshana tulichonunua. Siku moja mwenzetu akasema, kwa upole kabisa, kwamba yeye amekuja na dadu kila wiki kwa mwezi mzima na hajazirusha. Hakurudi, na wengine tukafuata mmojammoja. Hakuna aliyetulazimisha. Tulifanya sisi.

Yaliyotupata sisi sita yalimpata na mchapishaji kwa kiasi chake. Kufikia 1997 TSR ilikuwa hoi kwa madeni, ikanunuliwa na Wizards of the Coast, kampuni inayouchapisha mchezo huu mpaka leo. Sababu zilikuwa kadhaa, na shehena za vitabu vilivyorudishwa bila kuuzwa zilikuwa mojawapo. Lakini waliokuja kuzikagua hesabu waliona pia kwamba zile dunia nyingi zilikuwa zimewagawa wanunuzi. Mtu wa jangwani hakununua cha ukunguni. Gharama ya kutengeneza kitabu ilikuwa ileile, na kila kipya kilikuwa na wasomaji wachache zaidi.

Wapya nao hawakwenda polepole. Toleo la tatu walilitoa mwaka 2000, na 2003 wakalirekebisha, kwa hiyo wengi walijikuta wananunua tena vitabu vya msingi baada ya miaka mitatu. Toleo la nne, la 2008, lilikuja na Kitabu cha Mchezaji cha pili mwaka 2009 na cha tatu 2010. Ndipo likaja la tano, 2014, na hapo mtu fulani alikuwa ametafakari. Miaka ya 2015, 2016 na 2017 vilitoka vitabu vikubwa vitatu tu kwa mwaka, viwili vya mikasa na kimoja cha mambo mengine. Wapo walionung'unika kwamba mchezo umelala. Mimi nilifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu ujana wangu niliweza kumaliza mkasa kabla wa pili haujaanza kuniita. Tena ule utulivu uliacha nafasi kwa wengine: Januari 2016 likafunguliwa soko la DMs Guild, mtu wa kawaida akaweza kuandika mkasa wake mfupi na kuuza kihalali. Toleo hilo lilikaa miaka kumi kabla ya kurekebishwa. Kati ya yote yaliyofanywa na wenye mchezo huu katika maisha yangu, kupunguza mwendo ndilo ninalowashukuru zaidi.

Baadaye mwendo ukaongezeka tena, kama ulivyoona. Nami naelewa kwa nini. Meza ya watu sita mara nyingi ina mnunuzi mmoja, yaani wewe. Wachezaji wanaazima kitabu chako. Kitabu cha msingi kikishanunuliwa kinakaa miaka kumi, na kampuni haiwezi kuwalipa waandishi na wachoraji kwa mauzo ya miaka kumi iliyopita. Kwa hiyo inatafuta kitu cha kumuuzia msimulizi tena, au kitu cha kumfanya mchezaji naye anunue. Nguvu mpya za wahusika ndizo humvuta mchezaji, ndiyo maana vitabu vingi vina chache. Kasi hiyo imepimwa kwa mfuko wa kampuni. Haikupimwa kwa Jumamosi zako mbili.

Tuzipime hizo Jumamosi. Tangu Februari 2023 hadi Krismasi iliyopita ni karibu miezi 35. Toa theluji, zamu, sikukuu, misiba, mnabaki na vikao kama 50. Saa tatu kila kimoja: saa 150. Kwa saa hizo mmecheza kitabu kimoja, cha kurasa 256, kilichochapishwa 2016, na bado hamjakimaliza. Katika muda huohuo vimetoka zaidi ya dazeni. Angalau viwili kati ya hivyo, cha Septemba 2023 na cha Mei 2024, ni mikasa mirefu ya ukubwa wa huu wenu. Kwa mwendo wenu hivyo viwili tu vinawatosha miaka sita. Kwa hiyo hakuna msimulizi mwenye kazi na familia anayeweza kuucheza mchezo huu kwa kasi unayotolewa. Hayupo hapo Minnesota, hayupo popote. Huyo unayejilinganisha naye, aliye mbele yako, umemtunga wewe.

Huenda unajiuliza kama mkibaki na sheria za zamani mtakuwa mnacheza kitu kilichokufa. Hapana. Januari 2023 kiini cha sheria za 2014 kiliwekwa wazi kwa leseni ya Creative Commons, na leseni ile hairudishwi. Hata kampuni ikibadilisha nia kesho, hakuna anayeweza kuziondoa mikononi mwa watu. Tena tazama nje ya mchezo huu. Call of Cthulhu, mchezo mwingine wa aina hii, ilitoka 1981 na sasa iko toleo la saba, lakini sheria zake zimebadilika kidogo kiasi kwamba mkasa wa miaka ya 1980 unaucheza leo kwa marekebisho ya dakika chache. Kwa upande mwingine wapo kampuni ya Paizo, wenye mchezo wa Pathfinder, ambao kuanzia Agosti 2007, kwa miaka mingi, walikuwa wakitoa mikasa kwa mafungu ya kila mwezi. Mafungu sita yalitimia kwa nusu mwaka, na meza iliyacheza mwaka au miwili. Ila sheria zao zinasomwa bure mtandaoni, kwa ruhusa yao wenyewe, kwa hiyo mchezaji wao hujikuta na mengi ya kusoma bila deni. Shemeji yako angependa huko. Mtajie.

Na sasa shemeji mwenyewe. Umeniandikia kwamba anasoma kila kitabu kurasa kwa kurasa, na kwamba ni dereva wa lori. Mpwa wangu, hebu mfikirie huyo kijana. Amelala peke yake kwenye kituo cha malori Nebraska au Wyoming, siku ya tisa barabarani, na kitabu. Kumtunga mhusika mpya ndiyo njia yake ya kukaa nanyi mezani wakati hayupo. Nyinyi mnacheza Jumamosi, yeye anacheza kila usiku. Ukimpiga marufuku vitabu umemnyang'anya kampani yake ya barabarani, na ndiyo maana unahofu kumpoteza. Hofu yako ni ya kweli.

Lakini alimuumiza dada nesi, na hilo lazima aambiwe, na wewe ndiye wa kumwambia, mkiwa wawili tu. Usimwambie kwamba amevunja sheria, maana hakuvunja. Mwambie kuhusu maziko. Mwambie kwamba mwenzake alisimama akamlilia mtu aliyemlinda miaka miwili, na kwamba yeye alijua siku ile kifo kile kilikuwa ni cha kupisha kitabu, akanyamaza. Naamini hajaliona hivyo. Wasomaji wakubwa wa sheria mara nyingi humwona mhusika kama kifaa kinachoweza kuboreshwa, na hawajui kwamba mwenzao wa kiti cha pili anamwona kama mtu. Akishaelewa, aende kwa dada nesi mwenyewe. Wewe usiwe mjumbe.

Halafu mpe usimulizi.

Nasema hivyo kwa dhati. Mkasa huu wa Strahd ni wako, uumalize wewe. Lakini kila mwezi wa tatu, au Jumamosi ambayo mmoja wenu ana zamu na hadithi kubwa haiwezi kuendelea, kiti cha msimulizi kikaliwe na shemeji. Hadithi ya usiku mmoja, wahusika wapya, kitabu chochote anachokitaka, sheria za 2024, nguvu zote alizozisoma akiwa Wyoming. Avinunue yeye, avisome yeye, awafundishe. Mzigo unaokuvunja mgongo, yaani kujua kila kitabu, unahamia kwa mtu pekee hapo mezani anayeufurahia. Nimeona meza mbili zikiponywa hivi, na katika moja yule mpenda vipya alikuja kuwa msimulizi bora kuliko aliyemtangulia.

Kwenye mkasa mkubwa, fungeni orodha ya vitabu. Wengi hukaa kikao kimoja cha makubaliano kabla ya kuanza mkasa mrefu. Nyinyi kifanyeni sasa, mkiwa na chai, dadu zikiwa mfukoni. Vitabu mlivyokuwa navyo Februari 2023 ndivyo vya nchi ya ukungu mpaka mwisho. Mchawi wa shemeji ameshaingia, abaki kama alivyo, na abaki hai! Mtu akitaka kuongeza kitu kimoja kutoka kitabu kingine, akilete kwenye karatasi moja, akisome kwa sauti mbele ya wote, kijaribiwe vikao viwili. Wewe hutakiwi kuwa umekisoma kabla. Kama hawezi kukieleza kwa dakika tano, bado hajakielewa.

Kuhusu kuhani wa dada nesi, shemeji hakukosea kwenye hesabu. Uchawi ule wa kuponya, ukiutumia kwa kiwango cha chini, ulikuwa unarusha dadu moja ya pande nane katika sheria za 2014, na mwaka 2024 wakaufanya dadu mbili. Nadhani walifanya vizuri, kwa sababu miaka kumi makuhani walikuwa wakitumia zamu yao yote kurudisha uhai uliopotea kwa pigo moja. Kwa hiyo mpe dada nesi zile dadu mbili kama anazitaka, na mengine yote ya karatasi yake yabaki. Waliotengeneza toleo jipya walikusudia mikasa ya zamani iendelee kuchezeka nalo, na karatasi za matoleo hayo mawili hukaa meza moja bila ugomvi mkubwa. Lakini mpigie simu kwanza. Usimtumie ujumbe kwenye kundi. Mwambie kuhani wake hajapitwa, na kwamba umemkosea kwa kukaa kimya siku ile, maana wewe ndiye uliyekuwa na kiti cha mwenye nyumba. Muulize zamu zake kweli zikoje, upange tarehe kwa ratiba yake, halafu ndio uwaarifu wengine.

Kitabu kile cha kurasa 384 kirudishe rafuni na ulale. Kabla ya kikao soma sura ya ngome tu, ile ya kitabu ulichonacho tangu mwanzo. Nayo ni ndefu. Ile ngome ina vyumba vingi kuliko jioni zenu za masika, na mwenye nyumba anawasubiri tangu mlipovuka ukungu. Usianze kwa kuwakumbusha sheria. Anza na mvua juu ya mbao za daraja, na yule farasi. Kisha mgeukie dada nesi umuulize kuhani wake anamwambia nini.